Mvujo Usioonekana: Historia ya Kutafuta na Kuziba Uvujaji wa Maji Chini ya Ardhi na Sakafu katika Miji ya Mbeya na Iringa, 1896–2022

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya uvujaji wa maji uliofichika chini ya ardhi na chini ya sakafu za nyumba katika miji ya Mbeya na Iringa, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Uchambuzi umejengwa juu ya sheria na sera za maji, takwimu za sensa, jiografia ya miji hiyo, na kanuni za kiufundi za kutambua mivujo. Hoja kuu ni kwamba kinachoficha mvujo si udongo wala zege peke yake, bali ni kukosekana kwa hesabu na kumbukumbu. Kwa muda mrefu maji yaliyopotea hayakuwa tatizo la yeyote kwa sababu hayakupimwa. Dira ya maji ndiyo iliyoyafanya yaonekane, na papo hapo ikaweka mpaka unaoamua nani alipie mvujo asiouona mtu. Makala yanaonesha kuwa vifaa vya kisasa vya kusikiliza mivujo vinategemea kumbukumbu za zamani za mabomba, na kwamba mzigo wa mivujo ya chini ya sakafu umeangukia kaya zilizo na uwezo mdogo zaidi wa kuitafuta.

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta inachukulia kwamba ufa unaonekana. Mwenye nyumba anauona, anauahirisha, na hatimaye anaadhibiwa kwa uzembe wake. Mvujo wa bomba lililofukiwa una tabia nyingine. Hauonekani, na mara nyingi anayeugharimia hajui kuwa upo. Kwa hiyo swali la kihistoria linalozuka si kwa nini watu hawakuziba, bali ni nani alikuwa na wajibu, njia na sababu ya kutafuta.

Swali hili halijapewa nafasi kubwa katika historia ya maji nchini Tanzania. Maandishi mengi yamejishughulisha na upatikanaji wa maji: umbali wa kuchota, idadi ya visima, ujenzi wa miradi na ahadi za serikali. Maji yaliyokwisha kuchotwa, kusafishwa na kuingizwa kwenye bomba, kisha yakapotea kabla ya kufika kwenye ndoo, yameachiwa wahandisi. Hata hivyo, maji hayo yana historia ya kijamii, kwa kuwa kila lita iliyopotea ililipiwa na mtu fulani au ilikosekana kwa mtu fulani.

Mbeya na Iringa zinafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni miji ya milimani yenye mitandao ya mabomba iliyojengwa kwa vipindi tofauti na taasisi tofauti. Pili, ni miji ya baridi, jambo linalosaidia kubainisha aina ya mvujo unaozungumziwa. Katika nchi za Ulaya, mabomba yanayofukiwa chini ya sakafu mara nyingi hubeba maji ya moto ya kupashia nyumba joto, na sehemu ya utaalamu wa kutafuta mivujo ya majumbani imekua kwa msingi huo. Mbeya na Iringa, pamoja na ukali wa baridi ya Juni na Julai, hazikufuata mfumo huo. Joto la ndani limetoka kwenye meko ya ukutani katika nyumba za watawala wa kikoloni, na kwenye majiko ya mkaa katika nyumba za walio wengi. Bomba linalopita chini ya sakafu katika miji hii hubeba maji baridi ya matumizi. Tofauti hiyo ina uzito wa kiufundi. Mvujo wa maji ya moto huacha alama ya joto ambayo kamera maalumu huweza kuiona juu ya sakafu, ilhali mvujo wa maji baridi hauachi alama iliyo wazi kiasi hicho. Anayeutafuta hutegemea zaidi sauti, unyevu na hesabu.

Makala yanaanza kwa kueleza jinsi maumbile ya miji hii miwili yalivyoamua tabia ya mivujo yake. Kisha yanafuatilia kipindi ambacho maji hayakuhesabiwa, kuingia kwa dira na mamlaka za maji, mbinu za kutafuta mivujo, na hatimaye hali ya mivujo iliyo ndani ya nyumba, upande wa pili wa dira.

2.0 Miji Miwili na Ardhi Yake

Iringa ya sasa ilianzishwa mwaka 1896 na Tom von Prince kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani, miaka miwili baada ya kuanguka kwa ngome ya Mkwawa huko Kalenga. Mahali hapo palichaguliwa kwa mahitaji ya vita: uwanda ulioinuka, wenye miteremko mikali, unaotazama bonde la mto Ruaha Mdogo. Mantiki ya boma haikuwa mantiki ya maji. Mji ukakaa juu na mto ukabaki chini. Mji ulipokua, sehemu kubwa ya maji yake ilibidi kuchukuliwa mtoni, kusafishwa katika eneo la Ndiuka, na kusukumwa kwa pampu kupanda hadi kwenye matangi. Hivyo kila lita inayopotea Iringa imekwisha kugharimiwa dawa na umeme kabla ya kupotea.

Mbeya ilizaliwa kwa namna nyingine. Ilianzishwa mwaka 1927, wakati dhahabu ya Lupa huko Chunya ilipokuwa ikivuta wachimbaji na wafanyabiashara. Mji uliwekwa chini ya mlima Loleza, na maji yakapatikana kutoka chemchemi na vijito vya milima inayouzunguka, vikiwemo Sisimba, Nzovwe na Ivumwe. Kwa kuwa vyanzo viko juu ya mji, maji yaliweza kuteremka yenyewe kwa mserereko bila pampu. Urahisi huo ulikuwa na athari zake. Maji yasiyogharimiwa nishati hayamshtui msimamizi yanapopotea, kwani hakuna ankara ya umeme inayopanda ili kumwonya.

Mserereko pia huleta msukumo mkubwa. Kila mita 10 za tofauti ya mwinuko huongeza msukumo wa takriban baa 1 ndani ya bomba. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tangi hupokea takriban baa 6 wakati maji yametulia, isipokuwa kama kuna tangi dogo au valvu ya kupunguza msukumo njiani. Usiku, watu wanapolala na bomba kufungwa, msukumo hupanda hadi kiwango chake cha juu, na tundu lilelile hutoa maji mengi kuliko mchana. Mvujo katika mji wa mteremko, kwa hiyo, hufanya kazi zaidi katika saa ambazo hakuna anayeutazama.

Ardhi nayo ina sehemu yake. Sehemu nyingi za Mbeya na maeneo jirani zimefunikwa na udongo wa volkano na tabaka za mawe mepesi yenye vitundu, yaliyorushwa na milipuko ya kale ya Rungwe na Ngozi. Tabaka kama hizo hunyonya maji upesi, na mvujo unaweza kuendelea kwa miezi bila dimbwi kutokea juu. Aidha, mji uko katika ukanda wa Bonde la Ufa ambako mitetemo ya ardhi hutokea mara kwa mara, na viungio vya mabomba magumu haviwezi kuyumba bila kuchoka. Iringa imekaa juu ya miamba migumu inayochomoza mahali pengi, ukiwemo mwamba maarufu wa Gangilonga, ambao jina lake kwa Kihehe humaanisha jiwe linaloongea. Pale mwamba unapokuwa karibu na uso wa ardhi, maji yaliyovuja hayazami, bali hutambaa juu ya mwamba na kujitokeza mbali na tundu. Kwa hiyo fundi wa Mbeya hukabiliwa na mvujo usiotoa dalili, na fundi wa Iringa hukabiliwa na dalili isiyoonesha mahali pa mvujo.

3.0 Maji Yasiyohesabiwa: Kutoka Ukoloni hadi Miaka ya 1980

Mitandao ya mwanzo ya mabomba katika miji ya Tanganyika ilikuwa midogo na ya kibaguzi. Ilijengwa kuhudumia ofisi za serikali, kambi za askari, hospitali, na makazi ya Wazungu, kisha maeneo ya biashara ya Waasia. Waafrika wengi walitegemea mabomba ya mtaa, visima na mito. Mabomba yenyewe yalikuwa ya chuma cha kusubu au chuma kilichopakwa zinki, na katikati ya karne ya 20 yakaongezeka ya saruji iliyochanganywa na asbesto. Katika mtandao mdogo wenye mafundi wanaoujua vizuri, mvujo ulitambuliwa kwa macho: majani mabichi wakati wa kiangazi, njia yenye tope bila mvua, au nyumba ya mwisho iliyokosa maji.

Hali hiyo isingeweza kudumu baada ya miji kukua. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu takriban watu 12,000 katika mji wa Mbeya na takriban 22,000 katika mji wa Iringa. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, viliigeuza Mbeya kuwa kitovu cha usafiri, na kufikia sensa ya mwaka 1978 mji huo ulikuwa na zaidi ya watu 75,000. Mtandao ulinyooshwa kufuata watu. Mabomba mapya yaliunganishwa kwenye ya zamani, mara nyingi yakiwa ya kipenyo kidogo na ya mata tofauti, na kila kiungio kikawa nafasi mpya ya mvujo.

Wakati huohuo, usimamizi ulipita katika mikono mingi. Kazi za maji zilizokuwa chini ya idara za serikali ya kikoloni zilirithiwa na serikali huru, na baadaye zikawa chini ya wizara na wahandisi wa maji wa mikoa. Mwaka 1972 serikali ilianzisha mfumo wa madaraka mikoani na mabaraza ya miji yakavunjwa, hadi yaliporejeshwa kuanzia mwaka 1978. Umuhimu wa mabadiliko haya kwa historia ya mivujo hauko katika uamuzi wa kisiasa wenyewe, bali katika makabidhiano. Mtandao uliofukiwa hujulikana kwa njia mbili tu: kwa mchoro, na kwa kumbukumbu ya mtu aliyechimba. Kila taasisi ilipokabidhi kazi kwa nyingine, michoro ilikuwa katika hatari ya kupotea au kupitwa na wakati, na kila fundi alipostaafu aliondoka na sehemu ya ramani kichwani mwake.

Sera ya wakati huo iliangalia kwingine, na kwa sababu zinazoeleweka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kipaumbele kilikuwa vijijini, na mwaka 1971 serikali iliazimia kufikisha maji safi karibu na kila mwanakijiji ndani ya miaka 20. Mpango mkuu wa maji wa mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya, uliotayarishwa kwa msaada wa Denmark na kukamilika mwaka 1982, ulikuwa sehemu ya juhudi hizo. Maji yalitazamwa kama haki inayotolewa na dola. Mjini, wateja wengi wasiokuwa na dira walitozwa kiwango kisichobadilika bila kujali walichotumia. Katika mfumo huo mvujo haukuwa na mwathirika anayejulikana. Mteja hakulipa zaidi kwa sababu yake, na dola haikuwa na takwimu ya kuonesha ilichopoteza.

Mgogoro wa uchumi wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980 ulifanya hali iwe ngumu zaidi. Uhaba wa fedha za kigeni ulimaanisha uhaba wa vipuri, valvu na mabomba. Matengenezo yakawa ya kubahatisha: mpira wa tairi uliofungwa kwa waya ukachukua nafasi ya klampu. Utafiti wa Gilbert White, David Bradley na Anne White katika Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa mwaka 1972 na kurudiwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ulibaini kuwa matumizi ya maji kwa mtu katika kaya zenye bomba yalikuwa yameshuka kwa takriban nusu katika miongo mitatu. Mgawo wa maji ukawa jambo la kawaida mijini, nao ulizidisha mivujo. Bomba linalojazwa na kukauka kila siku hupata mishtuko ya msukumo inayochosha viungio. Jambo la hatari zaidi ni kwamba bomba lililokauka hunyonya. Tundu lililotoa maji safi jana huingiza majitaka leo, na katika nchi ambayo kipindupindu kimejirudia tangu miaka ya 1970, mvujo ulikuwa pia suala la uhai.

4.0 Dira na Kuzaliwa kwa Upotevu

Wazo la kupima maji ili kutambua yanayopotea lina umri mrefu duniani. Mwaka 1873 mhandisi George Deacon wa Liverpool, Uingereza, alibuni dira ya kuandika mtiririko wa maji katika mtaa mzima. Aliugawa mji katika kanda na kusoma mtiririko wa usiku wa manane. Kwa kuwa watu wamelala, maji yanayoendelea kutembea kwa wingi saa hizo ni dalili ya mvujo. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Ilichokosa miji ya Tanzania kwa muda mrefu si maarifa hayo, bali mazingira ya kitaasisi yaliyompa mtu sababu ya kuyatumia.

Mazingira hayo yalibadilika katika miaka ya 1990. Sera ya Maji ya mwaka 1991 ilifungua mlango wa wananchi kuchangia gharama. Sheria ya mwaka 1997 iliwezesha kuundwa kwa mamlaka za maji zinazojitegemea katika miji mikuu ya mikoa, na Mbeya na Iringa zikawa miongoni mwake. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilisisitiza maji kama bidhaa yenye thamani ya kiuchumi. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006, ilianza kuchapisha ripoti za kulinganisha utendaji wa mamlaka za maji. Sheria za huduma za maji za mwaka 2009 na 2019 zikaimarisha mfumo huo.

Ndani ya ripoti hizo kilionekana kiumbe kipya cha kitakwimu: maji yasiyoleta mapato, yaani tofauti kati ya maji yaliyoingizwa kwenye mtandao na maji yaliyotozwa ankara. EWURA iliweka asilimia 20 kuwa kipimo cha utendaji unaokubalika. Ni lazima isisitizwe kuwa takwimu hii inachanganya mambo matatu: mivujo ya kweli, dira mbovu zinazosoma pungufu, na wizi au maunganisho yasiyo halali. Mamlaka inaweza kupunguza asilimia yake kwa kubadilisha dira za wateja bila kuziba tundu hata moja. Hata hivyo, mabadiliko yaliyotokea ni makubwa. Maji yaliyokuwa yakizama ardhini bila jina sasa yalikuwa na asilimia, na asilimia hiyo ilisomwa na wizara, wafadhili na umma.

Athari zake zilikuwa tofauti katika miji miwili. Iringa, yenye gharama ya kusukuma maji, iliweza kuona faida ya kuziba mvujo moja kwa moja kwenye ankara ya umeme. Mbeya ilichokiona ni uhaba. Idadi ya watu wa Jiji la Mbeya ilifikia 385,279 katika sensa ya mwaka 2012 na 541,603 katika sensa ya mwaka 2022, ilhali Manispaa ya Iringa ilikuwa na watu 151,345 na baadaye 202,490. Chemchemi za milimani hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na serikali ikaelekeza nguvu katika mradi mkubwa wa kuleta maji kutoka mto Kiwira. Lakini chanzo kipya kikiingizwa katika mtandao uleule huongeza msukumo, na msukumo huongeza mivujo. Kwa hiyo kutafuta mivujo si kazi inayokoma baada ya kupata chanzo kikubwa. Ni sharti la chanzo hicho kuwa na manufaa.

5.0 Sikio, Mashine na Mchoro

Mbinu za kutafuta mvujo chini ya ardhi hufuata hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kupunguza eneo. Kanda ya mtandao hupewa dira yake, mtiririko wa usiku husomwa, kisha valvu hufungwa moja baada ya nyingine hadi mtiririko ushuke ghafla. Valvu iliyosababisha kushuka huko ndiyo inayoelekea kwenye mvujo. Hatua hii hudai jambo linaloonekana dogo: valvu zijulikane zilipo, na zifunge. Katika mitandao ya zamani valvu nyingi zimefunikwa na lami, vibanda au maua ya bustani, na nyingine zimeshika kutu zikiwa wazi.

Hatua ya pili ni kusikiliza. Maji yanayotoka kwa nguvu kwenye tundu hutoa sauti inayosafiri ndani ya bomba. Fundi huweka ncha ya fimbo ya chuma kwenye valvu au bomba na sikio lake kwenye ncha ya pili. Vifaa vya baadaye viliongeza kipaza sauti cha kuweka juu ya ardhi, na kisha mashine ya kulinganisha sauti. Mashine hii hutumia vihisio viwili vilivyowekwa kwenye ncha mbili za bomba. Sauti ya mvujo hufika kwanza kwenye kihisio kilicho karibu, na tofauti ya muda huonesha mahali pa mvujo.

Hesabu yake inafaa kuelezwa, kwa kuwa ndani yake mna hoja ya makala haya. Tuseme bomba lina urefu wa mita 100 kati ya vihisio, na sauti inachelewa sekunde 0.04 kufika kwenye kihisio cha pili. Ikiwa bomba ni la chuma na sauti husafiri ndani yake mita 1,200 kwa sekunde, tofauti ya umbali ni mita 48, na mvujo uko mita 26 kutoka kihisio cha kwanza. Ikiwa bomba ni la plastiki na sauti husafiri mita 400 kwa sekunde, tofauti ni mita 16, na mvujo uko mita 42. Sauti ni ileile na mashine ni ileile, lakini mahali pa kuchimba pametofautiana kwa mita 16. Kinachoamua si ubora wa mashine, bali ni kujua bomba lililofukiwa ni la mata gani, lilibadilishwa lini, na kwa urefu gani.

Hapa ndipo historia ya taasisi iliyoelezwa katika sehemu ya tatu inaporejea. Bomba la chuma la zamani ambalo kipande chake kilikatwa na kuwekewa plastiki wakati wa uhaba, bila kuandikwa popote, humdanganya mpimaji miongo kadhaa baadaye. Hitilafu ya kumbukumbu hugeuka kuwa shimo lililochimbwa mahali pasipo na mvujo, barabara iliyokatwa bure, na siku nyingine bila maji. Plastiki, iliyoenea kwa sababu ni nyepesi, nafuu na haishiki kutu, pia hufifisha sauti, hivyo kadiri mtandao ulivyobadilishwa kuwa wa kisasa ndivyo sikio lilivyopoteza uwezo wake. Teknolojia mpya haikuondoa hitaji la kumbukumbu, bali ililiongeza.

Katika hali hiyo, maarifa ya fundi bomba na msoma dira yana hadhi ya nyaraka. Fundi aliyefanya kazi mtaa mmoja kwa miaka mingi hujua bomba linapopinda na valvu iliyofukiwa. Maarifa hayo hayakuorodheshwa katika makabidhiano ya ofisi wala hayaonekani katika ripoti za mwaka. Kuhamishia mitandao kwenye ramani za kompyuta kunaweza kuyahifadhi, endapo tu wenye maarifa watahojiwa kabla ya kustaafu.

6.0 Chini ya Sakafu: Upande wa Pili wa Dira

Dira iliyowezesha mvujo kuonekana iliweka pia mpaka. Kwa utaratibu wa mamlaka za maji, mvujo ulio kabla ya dira ni wa mamlaka, na ulio baada ya dira ni wa mteja. Mpaka huu ni wa haki kwa maandishi, lakini pande zake mbili hazina nguvu sawa. Upande mmoja kuna wahandisi, mashine na bajeti. Upande wa pili kuna kaya, na bomba ambalo mara nyingi lilifukiwa ndani ya sakafu ya saruji na mjenzi ambaye hakuacha mchoro.

Ukubwa wa tatizo hupimika kwa hesabu rahisi. Mvujo wa lita 1 kwa dakika, mdogo kiasi cha kutosikika, hutoa lita 1,440 kwa siku, yaani zaidi ya uniti 43 kwa mwezi wa siku 30. Familia ya watu sita inayotumia lita 50 kila mtu kwa siku hutumia uniti 9 kwa mwezi. Dira ya familia hiyo itasoma uniti 52. Ankara itakuwa ya kaya karibu sita, na ofisi itaona mteja mwenye matumizi makubwa, si mteja mwenye mvujo. Katika nyumba za kupanga, ambako dira ni moja na wapangaji hugawana ankara kwa vichwa, mvujo huzaa ugomvi kabla ya kuzaa matengenezo: mwenye watoto wengi au mwenye kufua kila siku ndiye anayeshukiwa. Mwenye nyumba, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kuvunja sakafu, siye anayelipa ankara.

Njia ya kugundua mvujo wa namna hii haihitaji mashine. Bomba zote za nyumba hufungwa, kisha dira hutazamwa. Mkono wake ukiendelea kuzunguka, maji yanakwenda mahali. Koki ya kuingia ndani hufungwa ili kujua kama mvujo uko uani au chini ya sakafu, na kila tawi hujaribiwa kwa zamu. Dalili nyingine husomwa kwa macho na miguu: rangi inayobanduka chini ya ukuta, ukungu kwenye kona, kigae kilichoinuka, au sehemu ya sakafu isiyokauka wakati wa kiangazi. Katika matengenezo, mafundi wengi huepuka kuvunja sakafu yote. Bomba la zamani huachwa lilipo na kuzibwa, na jipya hupitishwa nje ya ukuta, mahali ambapo mvujo wa kesho utaonekana. Suluhisho hilo halipendezi kwa macho, lakini linaondoa chanzo cha tatizo, ambacho ni bomba kutoonekana.

Dira za malipo ya kabla, ambazo Iringa imekuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuzitumia nchini, zimebadilisha muda wa ugunduzi. Kwa dira ya kawaida, mteja hujua mwisho wa mwezi. Kwa dira ya malipo ya kabla, uniti zilizonunuliwa jioni zikiisha kabla ya asubuhi, mvujo umejitangaza. Lakini huo ni ugunduzi bila msaada. Mwenye fedha humwita fundi, na asiyekuwa nazo hufunga koki na kurudi kwenye ndoo. Takwimu za mamlaka haziguswi na hali hiyo, kwa kuwa maji yote yaliyopita kwenye dira yamelipiwa. Mvujo wa chini ya sakafu hauhesabiwi kama upotevu. Huhesabiwa kama mauzo.

7.0 Hitimisho

Historia ya mivujo iliyofichika Mbeya na Iringa inaonesha kuwa kuonekana kwa mvujo ni tukio la kitaasisi kabla ya kuwa la kiufundi. Kanuni ya kusoma mtiririko wa usiku ilijulikana duniani tangu mwaka 1873, lakini katika miji hii ilipata maana ya kiutendaji pale tu mamlaka zilipoundwa, dira zikafungwa, na upotevu ukapewa asilimia. Maumbile yaliamua tabia ya mivujo: mserereko na udongo wa volkano Mbeya, pampu na miamba Iringa. Makabidhiano ya taasisi yaliamua ugumu wa kuitafuta, kwa kupoteza michoro na kuacha maarifa ya mafundi bila kuandikwa. Mpaka wa dira uliamua nani aigharimie.

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, kumbukumbu za mitandao, pamoja na simulizi za mafundi wastaafu, zinastahili kukusanywa kama nyaraka za kihistoria zenye manufaa ya kila siku, kwani mashine ya kusikiliza haiwezi kusahihisha mchoro ulio na makosa. Pili, asilimia ya maji yasiyoleta mapato haitoshi kuwa kipimo pekee cha mivujo, kwa sababu inaficha yale yanayopotea baada ya dira. Tatu, ruwaza ya matumizi ya kila kaya, ambayo mamlaka huipata kila mwezi kwa kusoma dira, inaweza kutumiwa kumwonya mteja ambaye matumizi yake yamepanda ghafla kabla ya kumtumia ankara. Taarifa ya kumwonya ipo tayari mikononi mwa anayemdai. Kuitumia kwa kusudi hilo kungerudisha sehemu ya wajibu wa kutafuta kwa upande wenye uwezo wa kutafuta.